Arobaini ya Simsim

Mkunga hakuwa mtu wa kupiga hodi. Umekaa chumbani mchana, joto la Garissa limekubana, umejilegeza na kanga moja, ghafla pazia linasukumwa na mama mrefu mwembamba yuko ndani, anatafuta pa kukaa kabla hujapata pa kujifunika. Akishaketi ndipo husema, "Assalamu aleikum," tena kwa sauti ya mtu aliyechoka kukungoja. Siku za mwanzo nilikasirika. Mimi ni mtu wa Voi, na kwetu hodi hupigwa hata kama mlango uko wazi na mwenye nyumba anakuona. Siku moja nilimwambia, kwa upole wa kujikamua, kwamba iko siku atanikuta katika hali isiyofaa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "wanawake ya Garissa yote nimeona katika hali hiyo. Wewe utakuwa na nini kibya?"

Kibya kwake kilikuwa kipya, maana P ilimgeukia B na V ikawa F. Kusema kweli, tangu siku hiyo nikaanza kumpenda.

Jina lake nililijua, lakini sikumbuki kulitumia. Wapangaji wa ile ploti tulimwita Mkunga. Wasomali wenzake walimwita Umuliso, ambalo ni neno lao kwa kazi hiyohiyo. Alipokuwa mbele yangu nilimwita Habo, kama mtu anavyomwita mama yake mdogo, kwa sababu umri wake ulidai heshima na yeye mwenyewe aliidai zaidi ya umri. Wapi alizaliwa na lini, hayo sikuuliza. Alikuwa akitaja Habaswein kwa namna mtu anavyotaja kwao, nami nikaona inatosha.

Ukitaka kumjua, angalia mikono. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake, viganja vina hina, kucha zimekatwa hadi karibu na nyama. Aliiosha mpaka viwiko kabla ya kugusa kitu chochote: mtoto, mkate wa anjera, hata rimoti ya televisheni ya jirani. Maji tulikuwa tunaletewa kwa mkokoteni wa punda, na mwenye punda alikuwa akitania kwamba Mto Tana utakauka siku moja kwa sababu ya yule mama. Mkunga hakucheka. Alimwambia aonyeshe na yeye mikono yake, na yule bwana akaificha nyuma ya mgongo kama mwanafunzi wangu.

Wageni walidhani mkunga wa namna yake atawazuia wanawake wasiende hospitali. Wapi! Aliwafukuza waende. Uchungu ukianza tu, yeye ndiye aliyetafuta gari, akapanda mbele karibu na dereva, akamgombeza kwa kila shimo la barabarani. Hospitalini alikaa mlangoni pa wodi akibishana na wauguzi kuhusu mashuka. "Damu ni ya hosbitali," alikuwa akisema. "Siku arobaini ni yangu."

Na kweli zilikuwa zake. Kwa Wasomali mwanamke akijifungua hukaa ndani na mtoto wake siku arobaini. Hapigwi na jua, hachoti maji, hapiki; hupikiwa, hukandwa, hutunzwa, na siku ya arobaini hutoka kwa sherehe. Katika siku hizo Mkunga alikuwa serikali. Supu ya mbuzi asubuhi, maziwa ya ngamia jioni, samli kwenye kila kitu. Manemane, wanayoiita malmal, inafuka moshi kwenye kitezo. Mgeni mwenye sauti kubwa anarudishwa. Simu ya mzazi inachukuliwa na kuwekwa kwenye mfuko wa dira la Mkunga, lile gauni lake pana, ikilia inalia naye huko njiani. Na juu ya yote, baba haingii.

Wakunga wengine walilegeza. Baba angesimama mlangoni, angechungulia, pengine angemshika mtoto kidogo. Kwa Mkunga hakukuwa na kuchungulia. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, jirani yetu, mkewe alipojifungua alikuja akajifanya amesahau chaja ya simu ndani. Mkunga aliingia, akaitafuta, akamtolea dirishani kwa ncha ya fimbo. "Mwanamume ana kazi moja katika hii kitu," alimwambia, "na wewe ulimaliza." Mtaa mzima ulicheka. Yule dereva naye alicheka, lakini nilimwona akirudi kwenye lori lake taratibu, chaja mkononi, na sikufurahi nilivyomwona.

Sikufurahi kwa sababu nilikuwa na mimba ya kwanza, na nilikuwa nimeshaanza kuhesabu. Mume wangu ni fundi wa visima. Wakati ule alikuwa Banissa, huko Mandera, akirekebisha pampu, mara Banissa mara Kutulo, na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Mama yangu alikuwa ameshafariki. Sikuwa na dada karibu. Nilijua nitakapojifungua nitamtaka Mkunga na mikono yake, maana hakuna mikono niliyoiamini zaidi katika mji ule. Na nilijua nitamtaka mume wangu. Nilikuwa nataka vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa chumba kimoja, na sikuthubutu kumwambia hata mmoja wao.

Basi katika hali hiyo ndipo nikaletewa panya.

Mwenzangu wa shuleni, mwalimu wa hesabu, alihamishwa, na hakuweza kusafiri na tangi lake la kioo. Ndani yake mlikuwa na panya wawili wa jangwani, wale wanaofugwa na watu wa mijini na kuitwa jerbili: macho makubwa meusi, manyoya rangi ya mchanga, mkia wenye kishungi mwishoni. Wanasimama kwa miguu ya nyuma na kukutazama kama watu waliokuita wewe. Dume aliitwa Karanga, jike Simsim. Niliwachukua kwa sababu chumba changu kilikuwa kimya mno jioni.

Mkunga alipowaona alipandisha dira hadi magotini. "Banya! Mwalimu, banya!"

"Si wa mtaroni, Habo. Hawa wanafugwa. Nairobi wanauzwa dukani."

"Watu wananunua banya?"

"Wananunua."

Alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Habari hiyo alizunguka nayo mtaa mzima, na kwa muda wa kutosha nikawa mwalimu aliyenunua panya, ingawa sikununua. Binti wa chumba cha pili, aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo cha Nairobi, alikuja kuwaona akasema, "Madam, hawa ni panya wa kawaida tu, wamepiga luku, wamevaa vizuri." Mkunga aliunga mkono. Alisema panya kama hao wamejaa mchangani huko kwao, na kwamba alipokuwa msichana wa kuchunga mbuzi aliwafukuza kwa mawe.

Hayo aliyasema mbele za watu. Wakiondoka, alikuwa akiingia kwangu bila hodi, anatoa kitambaa kifuani, anakifungua, ndani mna mbegu za tikiti maji alizozikausha juani. Anazitupa kwenye tangi moja moja, uso ameukunja kama anayelazimishwa.

Siku moja baada ya Alasiri alikaa mbele ya kioo kuliko kawaida yake.

"Mwalimu, hii banya yako ina mimba."

"Amenona tu, Habo. Wewe ndiye unayemlisha."

Akanigeukia. "Mimi unanifundisha tumbo?"

Tangu siku hiyo chumba changu kikawa na wagonjwa wawili. Supu yangu ililetwa pamoja na kipande cha yai la kuchemsha, na kile kipande hakikuwa changu. Niliambiwa nilete maboksi, nikaleta, na Simsim akayatafuna, akayachana nyuzi nyuzi, akajenga kiota kwenye kona mpaka mwenyewe akawa haonekani. Mkunga aliitazama kazi hiyo kwa heshima. "Ona," aliniambia, "anatandika. Na wewe umetandika nini?" Sikuwa nimetandika kitu. Kesho yake alinipeleka sokoni tukanunua shuka za mtoto.

Nilirudi kutoka shuleni mchana mmoja nikasikia sauti nyembamba, kama ya kiatu kipya kinachotembea mbali. Niliinama kwenye kioo. Kiotani mlikuwa na vitoto, vyekundu, vipofu, visivyo na unyoya hata mmoja, vimefanana na maharagwe yaliyomenywa. Simsim alikuwa akijilamba pembeni. Karanga ndiye aliyekuwa juu yao, amejitandaza, anawakusanya kwa mikono yake midogo na kuwavuta chini ya tumbo. Nilimwita Mkunga kwa sauti ambayo sijaitumia tena.

Alikuja, akaosha mikono mpaka viwiko, akainama. Halafu akapiga ukelele.

"Huyu anafanya nini hapa?"

Kabla sijafungua mdomo mkono wake ulikuwa umeingia na kutoka, na Karanga alikuwa amemng'ata kidole, naye hakujali. Alimtia kwenye ndoo yenye mchanga, akafunika kwa kawa. "Arobaini," alimwambia. "Nenda utafute maisha." Kisha akavua kilemba chake, shash nyeusi ya mwanamke aliyeolewa, akalifunika tangi ili jicho baya lisiwafikie. Alitaka pia kuleta kitezo. Nilimsihi kwamba moshi ule utawaua, tukapatana kikae nje ya mlango. Mimi nilikuwa nacheka. Nilijua kuhusu panya kiasi alichojua yeye, na nilimwamini kama watu wote walivyomwamini.

Asubuhi iliyofuata Simsim alikuwa akipiga miguu ya nyuma kwenye sakafu ya tangi, tap tap tap, bila kupumzika. Ananyonyesha kidogo, anatoka, anakimbilia upande ilipo ndoo, anachimba kioo kwa kucha, anarudi. Ilikuwa ile miezi ya upepo katikati ya mwaka, ambapo hata Garissa asubuhi mtu hutafuta sweta. Vile vitoto vilibaki wazi. Akirudi kwa haraka anavikanyaga, anavitawanya, anakosa kuvikusanya kwa sababu ameshatoka tena.

Kimoja tulikikuta kando ya chombo cha maji, kimepoa. Mkunga alikitia kiganjani, akakipulizia pumzi, kisha akakiweka kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, kama alivyofundisha mama wa watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Alikaa hivyo hadi Adhuhuri. Kilipokufa alijua kabla ya kukitoa. Jioni kikafa kingine.

Mimi nililia, na sitaki kujifanya nililia kwa ajili ya panya. Nilishika tumbo langu na nikaona kama nimeonyeshwa jambo. Mkunga aliniona. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, wale wafu wawili wako kwenye kipande cha kanga mapajani.

"Usilie," akasema. "Hii si yako. Hii ni yangu."

Aliwazika mwenyewe nyuma ya ua. Aliporudi nilikuwa nimepata mtandao. Nilisoma mambo yaliyoandikwa na wafugaji wa huko mbali, nikamtafsiria. Kwamba dume la jerbili haliondolewi. Kwamba jike akitoka kula, dume ndiye anayelala juu ya watoto wasipoe, ndiye anayewarudisha kiotani wakitawanyika. Kwamba akishaondolewa harudishwi hivihivi, maana harufu hupotea, hawajuani tena, na watapigana mpaka damu. Alinirudisha nyuma.

"Soma ile ya kulala juu."

Nikaisoma tena.

Aliitazama ile ndoo yenye kawa. Sijawahi kumwona Mkunga akiwa mdogo hivyo.

"Nimemtoa mtu kazini," akasema.

Kukaa na huzuni hakukuwa tabia yake, na nadhani hata ile jioni alihuzunika kwa muda mfupi kuliko mimi. Alikwenda akang'oa waya wa kabati lake la nyama, ule wenye matundu madogo, tukaukata ukaingia sawasawa katikati ya tangi. Hivyo ndivyo walivyoandika wale wafugaji: wawekwe pande mbili za waya mpaka wazoeane upya. Chupa ya maji ya moto ilifungwa kwa taulo ikaegemezwa kwenye kioo upande wa kiota, na ilikuwa ikibadilishwa na Mkunga, siku nzima, hata akiwa na mgeni kwake. Walisema pia wanyama wabadilishwe pande ili harufu zichanganyike, lakini kiota hakihamishiki. Hapo Mkunga akakumbuka ngamia. Akasema baba yake, ngamia jike akimkataa ndama, alimpaka ndama harufu ya mama mpaka yule mama akachoka kukataa. Akachota mchanga wa kiotani, wenye mkojo na nyuzi za maboksi, akampaka Karanga mgongoni. Mchanga wa Karanga akaumwaga kwa Simsim. Asubuhi na Alasiri, kila siku, uso ameukunja.

Mwanzoni walirukiana kwenye waya kwa meno. Niliogopa. Kisha wakawa wananusana. Kisha siku moja tuliwakuta wamelala, mmoja huku mmoja kule, migongo imeegemeana kwenye waya.

"Sasa," Mkunga akasema.

"Tungoje kidogo, Habo."

"Sasa, Mwalimu. Banya imesema sasa."

Akauvuta waya. Mimi nilifumba macho, naungama. Nilipoyafumbua Karanga alikuwa akinusa mdomo wa Simsim. Alizunguka mara moja, akaenda kiotani, akajitandaza juu ya watoto waliobaki. Simsim alimtazama. Kisha akaenda kwenye mbegu zake za tikiti maji, akawapa wote mgongo, akala. Alikula kwa muda mrefu, bila kupiga mguu, bila kugeuka.

Mkunga alicheka na machozi yanamtoka. "Ona anafyokula," alisema, akijifuta kwa ncha ya mtandio. "Ona, haangalii nyuma."

Waliobaki walikua. Kwanza kivuli cha manyoya, kama vumbi, kisha manyoya yenyewe, kisha macho yakafunguka na tangi likawa fujo. Arobaini ya Simsim ilipofika Mkunga alileta buni zilizokaangwa kwa samli, tukatafuna sisi wawili kwa niaba yake. Furaha hiyo iliingia dosari tulipomtazama vizuri mwenye sherehe. Alikuwa na mimba nyingine.

"Hawa hawana adabu," Mkunga akasema, na akamnyooshea Karanga kidole kilekile alichong'atwa. Hakumsamehe kabisa, naona.

Mimi nami siku zangu zilikuwa zimekaribia. Mkunga aliingia mchana mmoja, akakaa, akasalimia.

"Bwana yako iko Banissa bado?"

"Yuko, Habo."

"Mwambie akuje."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Aje kunipeleka hospitali?"

"Hosbitali nitakubeleka mimi. Akuje akae. Ndani."

"Lakini Habo, si wewe uliyesema—"

"Nilisema. Sasa nasema hii."

Nililia tena. Mimba ilinifanya mtu wa machozi, lakini hata bila mimba ningelia. Mume wangu alishuka kutoka Mandera na vumbi la njia yote kwenye nyusi. Mkunga alimpokea mlangoni na ndoo ya maji na sabuni, akamsimamia aoshe mikono mpaka viwiko, akamkagua kucha. Nilijifungua hospitali, binti, salama. Siku zangu arobaini mume wangu aliamka na mtoto, akamlaza kifuani nilipokuwa nakula, akafua, akakosea, akagombezwa. Mkunga alimgombeza kuliko alivyowahi kumgombeza dereva yeyote. Mimi nilikuwa nakula supu yangu mpaka mwisho wa bakuli.

Mtaa haukunyamaza. Walisema Umuliso amezeeka, wengine walisema amefanya vile kwa kuwa mimi si Msomali. Kisha akazaa mke wa yule dereva wa lori, mtoto wa pili, na Mkunga akamwita dereva ndani kwa sauti ya kusikika barabarani. Mwanamke mmoja wa rika lake alikuja kumkabili uani, mbele yetu sote, kwamba anaharibu mila.

"Mila gani nimeharibu?" Mkunga akamuuliza. "Arobaini iko. Malmal iko. Subu iko. Nimeongeza mtu tu."

Wala msidhani aliwahi kukiri kwamba kabla ya hapo alikosea. Nilimchokoza mara nyingi. Alikuwa akisema zamani ilikuwa zamani, kisha ananiuliza kama mtoto amenyonya.

Tulihama Garissa binti yetu alipoanza kutembea. Panya niliwagawa kwa walimu wenzangu, na Mkunga aliwakataa hadharani kisha akabaki na Simsim. Miaka ikapita kwa salamu za simu, halafu simu yake ikawa haipatikani. Mwaka jana mume wangu alipata kazi ya kisima huko Wajir, nikapanda naye gari, na tulipofika Habaswein nikaomba tusimame. Niliuliza kwenye duka la kwanza nyumba ya Umuliso aliyerudi kutoka Garissa. Hata sikumaliza swali, wakanionyesha.

Nilimkuta amekaa ndani, kando ya pazia la chumba, fimbo imelazwa mapajani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Ilikuwa nyumba ya dada yake, na mjukuu wa dada yake alikuwa amepata mtoto wa kwanza. Mzazi alikuwa nyuma ya pazia lile na mumewe alikuwa humo humo pamoja naye. Mama wawili, jamaa za yule msichana, walikuwa wamesimama mlangoni wakilalamika kwa Kisomali. Mkunga aliwajibu neno moja na kuinua fimbo kidogo. Wakaondoka. Mimi sikupiga hodi. Niliingia tu, nikakaa, kisha nikasema, "Assalamu aleikum."

Aligeuza sikio kwangu. Kisha akacheka. "Mwalimu wa banya."

Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Aliuliza habari za binti, za mume, na kama nimeongeza mwingine. Nami nikamchokoza kama zamani: je, hawa wa Habaswein amewaambia alijifunza wapi kuwaacha wanaume waingie?

"Niambie watu nilifundishwa na banya? Unataka nizikwe na hiyo jina?"

Tukacheka. Kisha akawa anaipapasa fimbo, na aliposema tena alisema chini, ili wa nyuma ya pazia wasisikie.

"Mimi nilizaa mara moja, Mwalimu. Kijana. Mama ya bwana yangu alikuwa mkali kama mimi. Bwana alikaa mbali na ngamia, anangoja arobaini iishe aone mtoto. Mtoto haikufika arobaini. Walituma mtu kumwita, na alifika wameshazika." Akavuta pumzi. "Aliniuliza kitu moja tu. Alifanana na nani? Nikamwambia, wewe. Akafurahi, akalia. Lakini sikujua, Mwalimu. Nilikuwa msichana, ndoa ilikuwa mbya, naona haya. Uso yake nilikuwa sijaangalia fizuri hata siku moja."

Moyo uliniuma kwa ajili yake, kwa ajili ya yule msichana, na hata kwa ajili ya bwana yule wa ngamia nisiyemjua. Nilibaki nimemshika mkono.

Pazia likasogea. Kijana mrefu, mume wa yule mzazi, akatoka na mtoto mikononi, akainama, akamlaza mtoto mapajani mwa mzee kwa uangalifu wa mtu aliyefundishwa na mkali. Mkunga alimpapasa mtoto kichwa, masikio, vidole, kama aliyemtarajia.

"Macho yangu imeisha," akaniambia. "Nitazamie wewe. Anafanana na nani?"

Nilimwomba kijana asogee kwenye mwanga wa mlango. Aliona haya, akatazama chini. Nikamwambia ainue uso, akauinua, nami nikamtazama vizuri, bila haraka, paji, pua, kidevu, mpaka masikio yakamwiva. Kisha nikamtazama mtoto.

"Baba yake," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli, Habo. Pua yote. Na paji hili."

Mkunga alipitisha kidole gumba kwenye pua ya mtoto, taratibu, kutoka juu hadi chini. Kisha akanyoosha mkono wa pili hewani, anatafuta. Kijana alinitazama, hakuelewa. Nikamwonyesha kwa kichwa. Akapiga magoti mbele ya Mkunga, akampa uso.